Tusiwanyime Wanafunzi Taabu ya Kuunda Programu

Jumamosi tatu mfululizo nimeketi na wanafunzi wanane katika chumba kimoja pale Nyamasaria, karibu na barabara kuu iendayo Ahero na Nairobi, tukijaribu kusakinisha programu moja tu. Programu yenyewe ni Gazebo, ambayo huiga mwendo wa roboti katika ulimwengu wa kubuni ndani ya kompyuta. Humo roboti huteleza, hugonga ukuta na kuanguka kifudifudi, wala hakuna senti inayopotea. Hatukuipata ikiwa tayari. Tulipakua msimbo chanzo, yaani maandishi yale yale waliyoyaandika waundaji wake, tukaiamuru kompyuta iyageuze kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Jumamosi ya tatu mwalimu mwenzangu alipita, akasimama mlangoni, akauliza: "Mbona mnajitesa hivi? Si mngetafuta iliyokwisha kuundwa?"

Swali lake ni la haki, nami sikuridhika na jibu nililompa palepale.

Kompyuta zetu zinatumia mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la Aprili 2024. Gazebo ya zamani, ambayo masomo yetu yaliandikwa kwayo, iliachwa kushughulikiwa na waundaji wake Januari 2025, na Ubuntu hiyo haikuja nayo ikiwa imefungashwa tayari. Gazebo mpya ipo, tena ni nzuri, lakini huhitaji uwezo wa kuchora picha ambao mashine kuukuu kama zetu hazina. Kwa hivyo tulibaki na njia moja: kuiunda ile ya zamani kwa mikono yetu.

Jumamosi ya kwanza iliishia katika kupakua, kisha kifurushi cha intaneti kikaisha. Ya pili ndiyo iliyonifunza mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeiamuru mashine ifanye kazi nne kwa pamoja, nikidhani naokoa wakati. Mashine yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu haiwezi kustahimili mzigo huo. Ikaganda kabisa, hata kiashiria cha kipanya kisisogee. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa akitazama kipimo pembeni mwa skrini, akasema: "Mwalimu, kumbukumbu ilijaa kabla haijaganda." Tukapunguza hadi kazi moja moja, tukatenga sehemu ya diski isaidie kumbukumbu, na safari ikaendelea kwa mwendo wa kobe.

Kisha yakaja makosa. Skrini ilijaa mistari mia na zaidi ya malalamiko, na wanafunzi wakaanza kuisoma kutoka chini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yao. Iliwachukua nusu saa kugundua kwamba kosa la kwanza kabisa, lile la juu, ndilo lililoyazaa mengine yote: maktaba moja tu ilikuwa haipo. Walipoisakinisha, mistari yote mia ikatoweka. Umeme nao ulikatika alasiri ile, tukadhani yote yamepotea. La hasha! Uliporudi, mashine ililinganisha tarehe za faili, ikaziacha zilizokwisha kuundwa, ikaanzia pale ilipokomea. Nani angewaeleza hayo ubaoni wakayaelewa?

Tangu 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipoidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule zetu, tumesikia mengi kuhusu watoto na kompyuta. Hata hivyo, katika shule kadhaa nilizozitembelea, mashine zimefunikwa vitambaa, na neno la siri la msimamizi analijua mtu mmoja, naye aghalabu hayupo. Mwanafunzi huruhusiwa kuchapa barua na kuifuta. Kusakinisha chochote ni hatia. Hapo ndipo nina ugomvi. Mtoto asiyeruhusiwa kuiharibu kompyuta hatajifunza kuitengeneza, na gharama ya kuirudisha katika hali yake ni alasiri moja na flashi yenye mfumo endeshi.

Tena tukumbuke kwamba roboti halisi ni ghali. Shule isiyo na fedha za vifaa hivyo hubaki mtazamaji. Gazebo ni bure, na msimbo wake u wazi kwa yeyote. Ilianza mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Southern California, kazi ya Andrew Howard na mwanafunzi wake Nate Koenig. Naam, mwanafunzi! Juni 2013 shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, lilifanya shindano zima ndani ya Gazebo: timu ziliongoza roboti ya kuigwa, zikaiketisha garini na kuitembeza kwenye ardhi mbovu, na zilizofanya vyema zikapewa roboti halisi aina ya Atlas. Waliotangulia kuigusa mashine ni wale walioimudu kwanza katika uigaji.

Sisemi kazi hii ifanywe katika kipindi cha dakika 40; huko ni kuwaonea walimu. Ifanywe katika chama cha wanafunzi, mara moja kwa mwaka, na mkuu wa shule akubali mashine moja iachwe ikiwaka usiku kucha. Wengine watumie matunda yake.

Saa kumi na moja jioni ya Jumamosi ya tatu dirisha lilifunguka: uwanda mtupu wa kijivu. Mvulana mmoja aliweka kisanduku hewani, kikaanguka, kikadunda kidogo na kutulia. Watoto wanane walikipigia makofi kisanduku. Mwalimu mwenzangu, ambaye bado alikuwa mlangoni, ameomba nafasi Jumamosi ijayo aje na kompyuta yake. Ina Windows, nayo ni kazi nyingine kabisa. Nimemwambia aje na kifurushi chake.