KOMPYUTA YA NYUMBANI: KABLA HUJAITUPA, NA KABLA HUJAMPIGIA FUNDI SIMU



Ndugu zangu na dada zangu, kuna maswali mawili yamekuwa yakinijia mfululizo. La kwanza: "Sheikh, kompyuta yangu inaniambia haihudumiwi tena. Ninunue nyingine?" La pili: "Sheikh, fundi kanipigia Windows ya bure, ya kukraki. Kuna ubaya gani?" Kila muulizaji anadhani lake ni peke yake, kumbe yote mawili yana jibu moja. Ndiyo maana leo nayaweka pamoja. Somo ni refu kidogo, lisome mpaka mwisho.

KWANZA: TUJUE KILICHOTOKEA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Hii haina maana kwamba kompyuta yako imekufa. Itawaka, itaandika, itafungua darsa zako kama jana. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama. Likigunduliwa tundu la kupitishia wezi, halizibwi. Watumiaji wa majumbani wanaojisajili walipewa nyongeza ya muda, hadi Oktoba 2026, lakini nyongeza ni nyongeza tu.

Sasa mtu atasema: basi nahamia Windows 11. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa zile za Intel, kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Kompyuta zetu nyingi ni za mitumba, zimeshatumika ofisini huko Ulaya au Dubai kabla hazijafika kwetu. Mashine ni nzima, skrini ni nzima, kibodi ni nzima, lakini inaambiwa haina sifa.

Mbele yako kuna njia nne. Kununua kompyuta nyingine. Kukaa na ya zamani bila ulinzi. Kumwita fundi akupigie Windows ya wizi kwa kupita mlango wa uani. Au kuiacha mashine hiyohiyo na kubadilisha mfumo unaoiendesha, ukaweka mfumo huria wa jamii ya Linux. Mimi nimehamia kwenye hiyo ya nne, na leo nataka nikueleze machungu yake kabla ya raha zake. Anayekusifia njia bila kukutajia miiba yake hakukutendea haki.

PILI: MACHUNGU

Zingatia haya, usije ukasema hukuambiwa.

Chungu la kwanza ni mikono. Mikono ina mazoea yake, nayo haisikii mawaidha. Utatafuta "C" na "D", hutaziona, kwa sababu Linux haipangi diski kwa herufi hizo. Utaandika faili "Hotuba", kesho uandike "hotuba", halafu ushangae una faili mbili. Kwenye Linux herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Haya ni mambo madogo, lakini kumi ya namna hiyo kwa siku moja yanamchosha mtu.

Chungu la pili ni nyaraka za zamani. Faili ulilolipanga vizuri kwenye Word, ukilifungua kwenye LibreOffice mistari inaweza kusogea na jedwali likavunjika. Kwa sisi tunaochanganya Kiswahili na Kiarabu katika ukurasa mmoja, tatizo linakuwa kubwa zaidi. Fonti kama Traditional Arabic ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Inawekwa fonti nyingine mahali pake, na harakaati ulizozipanga kwa mkono zinakaa pasipo pake. Hapa hakuna mkato. Utalipitia andiko lako tena, neno kwa neno, kabla hujalichapa.

Chungu la tatu ni programu zisizohama. Wanafunzi wa elimu wanaijua Maktaba Shamila. Ile programu yake ya kwenye kompyuta ilitengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo utalazimika kusoma vitabu kupitia tovuti yake, na hapo bila bando husomi. Wanaotengeneza matangazo ya mihadhara kwa Photoshop au CorelDRAW nao watakuta programu hizo hazina toleo la Linux. Zipo mbadala, kama GIMP na Inkscape, lakini mbadala ni kujifunza upya.

Chungu la nne ni vifaa. Ipo printa utakayoichomeka ikafanya kazi papo hapo, na ipo itakayokukalia kimya. Ipo Wi-Fi itakayogoma siku ya kwanza mpaka uunganishe simu kwa waya wa USB ili upate intaneti ya kuitafutia dawa yake.

Haya yote ni kweli. Asiyeyataka mapema, atayakuta njiani.

TATU: RAHA

Raha ya kwanza: mashine iliyoonekana mzee inapumua. Linux Mint, kwa mfano, inahitaji kumbukumbu ya GB 2 kwa uchache na inapendekezwa GB 4, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Hata kompyuta ya miaka kumi mara nyingi inazo. Menyu yake iko chini kushoto, pale pale mkono wako ulipozoea.

Raha ya pili wataielewa wote waliowahi kupeleka flashi yao kwenye duka la kuchapisha. Unairudisha nyumbani, unaifungua, folda zote zimegeuka njia za mkato na kazi zako huzioni. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukiichomeka flashi hiyohiyo kwenye Linux, unaagiza tu ionyeshe faili zilizofichwa, na mara nyingi unazikuta zote zimekaa. Kile kirusi kimelala hapo pembeni, hakina la kukufanya.

Raha ya tatu: programu unazichukua mahali pamoja panapojulikana, bure, kwa ruhusa ya waliozitengeneza. Huzunguki kwenye tovuti za vichochoroni kutafuta "funguo". Na marekebisho unayaweka wakati wako, hayakukatizi katikati ya darsa.

Raha ya nne ni ya moyoni. Mfumo huu ulianza mwaka 1991, alipoutangaza Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini. Tangu hapo maelfu ya watu wamechangia, wengine wakilipwa na wengine wakijitolea. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha tawi lake akaliita Ubuntu, neno la Kizulu na Kixhosa. Litazame vizuri neno hilo: ni "utu" wetu huuhuu. Linux Mint niliyoitaja imejengwa juu ya Ubuntu. Na mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu.

Na kwa anayeandika Kiarabu, ile huzuni ya fonti ina faraja yake. Ipo fonti iitwayo Amiri, ya bure na ya halali, iliyofufua herufi za matbaa ya Bulaq ya mjini Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiizoea, ile ya zamani utaisahau.

NNE: SUALA LA HAKI

Sasa tuje kwa yule aliyeuliza kuhusu Windows ya kukraki.

Ndugu yangu, nitakujibu kwa upole lakini bila kuzunguka. Programu ni kazi ya mtu, na kazi ya mtu ni mali. Majmaa ya kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zinazotambuliwa kisharia, ni za wenyewe, na haijuzu kuzivamia. Na leseni ni mkataba. Sisi ndio tunaosimama juu ya mimbari kuwahimiza watu watimize ahadi.

Najua utakayosema. "Kampuni ni tajiri." Utajiri wa mwenye mali hauhalalishi mali yake. "Wenyewe si Waislamu." Amana haiulizi dini ya mwenye nayo. "Kila mtu anafanya." Hilo ndilo jibu dhaifu kuliko yote, na wewe mwenyewe ungemkatalia mwanao akikujia nalo.

Halafu tazama upande wa pili, wa maslahi yako. Aliyeikraki ile programu humjui. Umemfungulia mlango wa nyumba mtu usiyemjua kwa sababu amekwambia hakutozi. Ndani ya nyumba hiyo mna picha za familia, nyaraka za madrasa, na namba za kutumia pesa.

Zamani mtu aliweza kusema, "Sina uwezo wa kununua, na njia nyingine sina." Leo njia ya halali ipo, na bei yake ni subira ya wiki chache. Mwenye uwezo na anunue leseni, hakuna lawama juu yake. Ambaye kazi yake haiendi bila programu fulani ya Windows, aihesabu leseni hiyo kuwa ni gharama ya kazi, kama fundi cherehani anavyohesabu cherehani. Simharamishii mtu Windows. Ninachokataa ni kuiiba, na kuitupa mashine nzima kwa kuogopa usumbufu wa mwezi mmoja. Hilo la pili lina jina lake: israfu.

TANO: ILE KOMPYUTA YA ZAMANI

Kwa aliyeamua kununua nyingine na kuiuza ya zamani, nasaha moja muhimu. Kufuta faili hakuliondoi, na kuformati kwa haraka mara nyingi kunafuta faharasa tu. Vilivyomo vinabaki mpaka viandikwe juu yake vingine, na mwenye ujuzi anaweza kuvirudisha. Je, humo hamna picha za wake zenu na mabinti zenu? Na wewe imamu au mwalimu, hamna barua za watu waliokuletea matatizo ya ndoa zao? Ile ni sitara ya Waislamu, usiiuze pamoja na mashine. Mtafute anayejua aifute diski kikamilifu, na ukiwa na shaka, itoe diski ubaki nayo.

MWISHO: NAMNA YA KUHAMA

1. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Zinakili mara mbili.

2. Jaribu kwanza. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kuingia ndani ya kompyuta. Itakuwa nzito kidogo ikiendeshwa hivyo, lakini utajua kama Wi-Fi, sauti na printa vinakubali.

3. Andika orodha ya unachokifanya kweli kwa wiki moja. Wengi watakuta ni kuandika, kusoma, kusikiliza darsa na kuingia mtandaoni. Yote hayo yapo.

4. Usimhamishie mzee wako au mkeo kwa kumshtukiza. Akae nawe, muoneshe, mpe nafasi ya kulalamika. Malalamiko yake mengi yatakuwa ya kweli.

5. Jipe mwezi mmoja. Usihukumu kwa siku tatu. Siku tatu za mwanzo unahukumu mazoea yako, si kompyuta.

Mikono itajifunza, ndugu zangu. Ilijifunza kushika kalamu, ikajifunza kibodi, ikajifunza simu ya kugusa, na kila mara ililalamika kwanza. Usumbufu huu unakwisha. Kula haki ya mtu hakuishi kwa mazoea, bali kwa mazoea huzidi kuwa chepesi, na hiyo ndiyo hatari yake.

Mwenye swali aliandike hapo chini, na mwenye ujuzi wa mambo haya amsaidie mwenzake bila kumcheka. Na vijana wetu mafundi, hapa pana mlango wa riziki: jifunzeni kuwahamisha watu kwa njia ya halali, mtoze kazi ya mikono yenu kwa haki.

Allah atupe riziki safi, na atuhifadhie yaliyomo majumbani mwetu. Aamiin.

Wabillaahi tawfiyq.