Afya ya jamaa: Msimfiche mganga

Katika hospitali zetu za Goma mgonjwa halazwi peke yake. Mama, dada au binti hukaa naye, humpikia na kumfulia nguo. Twausifu sana upendo huo. Lakini mara nyingine ndani ya kikapu, chini ya sahani ya fufu, imo chupa ndogo ya dawa ya miti, au vidonge vilivyonunuliwa sokoni. Mgonjwa hunywa usiku, muuguzi asione. Siku chache baadaye macho yake hugeuka rangi ya manjano, na watu husema amelogwa.

Tutazame kwanza kazi ya ini. Ini limekaa upande wa kuume, chini ya mbavu. Damu itokayo tumboni hupita kwanza huko, na dawa nyingi tunazomeza hugeuzwa na ini kabla ya kutoka mwilini. Kazi ikizidi, au dawa ikiwa kali, ini lenyewe laumia.

Tuchukue mfano wa kifua kikuu, ugonjwa upendao mahali watu walipobanana, kama zilivyokuwa kambi za wakimbizi wa vita za Bulengo na Kanyaruchinya hadi mwanzo wa mwaka 2025. Kwa kawaida hutibiwa miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa humeza dawa 4 pamoja: rifampisini, izoniazidi, pirazinamidi na etambutoli. Tatu za kwanza zaweza kudhuru ini. Wengi huzimeza salama na kupona kabisa, ila mganga hana budi kuwachunga. Sasa, mgonjwa huyo akiongezewa kwa siri dawa ya miti, na kasiksi eti ya kumtia nguvu, na parasetamoli kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, ini litabeba mizigo mingapi? Naye mganga, asipojua, atatafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Hatuidharau miti. Kwinini yenyewe hutoka katika ganda la mti wa kinkina, uliolimwa sana katika Kivu yetu. Yoshua bin Sira, mlango wa 38, afundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini, na papo hapo ataka mganga aheshimiwe. Lakini kwinini hupimwa. Chupa ya kikapuni haikupimwa na mtu.

Basi shikeni haya. Rifampisini huupa mkojo rangi nyekundu kidogo, wala si hatari. Bali macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai nzito, mgonjwa akitapika, akikataa chakula, au akiumwa chini ya mbavu za kuume, mwiteni mganga saa ile ile, kabla ya dawa inayofuata. Yeye ndiye atakayepima damu, atakayesimamisha dawa na kuzirudisha moja moja. Msiziache kwa shauri lenu, kwani kifua kikuu kilichotibiwa nusu hurudi na ukaidi.

Mwonyesheni pia kila chupa na kila kidonge, hata kama mwaona haya. Nao waganga na wauguzi twawaomba: msimkaripie mama aletaye chupa yake. Akikaripiwa leo, kesho ataificha.