Kitanza ndimi kisiwe mtego wa lafudhi

Muuza mitumba wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hunadi "buku mbili, mbili buku" tangu asubuhi hadi jioni bila ulimi kumsaliti. Mwambie aseme mara tatu mfululizo, tena haraka, "liwali wa Liwale hali wali wa Liwale", uone. Atanasa, na jirani yake anayemcheka atanasa vilevile, awe mzaliwa wa Gerezani au aliyeshuka juzi kwenye basi la Mwanza.

Hicho ndicho kitanza ndimi cha haki: hakichagui mtu.

Ugumu wake huanzia kwenye ubongo kabla ya kufika mdomoni. Msemaji hamalizi sauti moja ndipo aifikirie inayofuata. Ubongo huandaa kadhaa kwa mpigo. Silabi zikifanana na kupishana upesi, kama za liwali na Liwale, ni rahisi moja kuchukua nafasi ya nyingine. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa mfano wa Kiingereza, "pad kid poured curd pulled cod", ambao baadhi ya waliojaribu kuurudia haraka walishindwa kabisa kuendelea. Waganda nao wana "akawala akaawa Kaawa kaawa akaawa ka wa?", wakimuulizia binti aliyempa Kaawa kahawa chungu. Hapo mtego ni urefu wa irabu, na Mswahili mgeni hunasa mapema.

Kuna vingine, lakini, vyenye upendeleo. "Shirika la reli la Rwanda" humpa taabu zaidi mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi r na l. Kigikuyu kina r bila l. Kijapani kina sauti moja tu ya jamii hiyo. Anayesema "leli" hakuteleza. Ametamka kama alivyolelewa, na hata ukimwambia aseme polepole huenda asibadilike. Anayemcheka naye, akifika dukani, hulipa "elfu selasini" bila wasiwasi.

Mzaha huo una historia mbaya. Katika Biblia, Waamuzi sura ya 12, Wagileadi waliwatambua Waefraimu kwa kuwaamuru watamke "Shibolethi". Waliosema "Sibolethi" waliuawa, na idadi inayotajwa ya waliokufa ni 42,000.

Kariakoo haina sababu ya kuchuja watu kwa r na l. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo biashara yake inaendeshwa na watu wa lafudhi za kila mkoa.

Walimu waendelee kuvitumia vitanza ndimi darasani, maana vinanoa usikivu na matamshi. Ila wachague vinavyomnasa kila mwanafunzi, na wasimpunguzie mtoto alama za ufahamu kwa sababu ya r na l. Waajiri wanaosaili vijana kwa Kiswahili wafanye hivyo hivyo: wapime hoja, lafudhi waiache.