Gari Liinuliwe, Sawa. Mama Mkwe Atapandaje?

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnategemea habari za wivu, simu za usiku wa manane na mashemeji waliokuja wiki moja wakakaa mwaka. Mwezi huu mnivumilie, nazungumzia springi. Msicheke! Kwenye ndoa yangu hakuna kitu kilichotuweka mezani hadi chakula kikapoa mwaka huu kama springi za Land Cruiser. Na najua mashosti kadhaa wenye waume wa aina hii, mtu anamjua fundi wake kuliko anavyowajua wajomba zake.

Sisi tunakaa Lumemo, hapa Ifakara. Mto Lumemo unashuka kutoka milima ya Udzungwa, na masika ukishashiba haupigi hodi. Bonde lote la Kilombero ndivyo lilivyo, ndiyo maana mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukiukuta huo umuhimu wa kimataifa njiani mwezi wa Aprili, udongo mweusi umeng'ang'ania tairi, utaita jina la mama yako.

Siyo kwamba hakuna kilichobadilika. Daraja la mto Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018 na kivuko tukakiaga. Lami ya kutoka Kidatu nayo imefika mjini. Lakini mama mkwe wangu anakaa upande wa Mngeta, na kipande cha mwisho cha kwenda kwake ni njia ya matrekta kati ya majaruba ya mpunga. Ana presha, kila mwezi tunamleta mjini kliniki. Masika iliyopita alikosa kliniki mara mbili, dawa zikamwishia, kwa sababu gari lilikalia tumbo kwenye tuta la katikati ya njia, magurudumu yakabaki yanazunguka bure.

Hapo ndipo Baba Neema alipotangaza kwamba gari linainuliwa. Inchi nne.

Gari lenyewe ni HZJ75, zile Land Cruiser za miaka ya tisini zenye injini ya 1HZ, dizeli ya sisi 4,164, na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama vitabu, mbele na nyuma. Injini haina neno. Ila hela aliyoitolea macho ilikuwa ya msingi wa nyumba yetu, tuliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Nikasema sikatai, afya ya mama haina mjadala. Nikauliza swali moja tu: "Baba Neema, mama mwenye magoti yale, hilo gari la inchi nne atalipandaje?"

Kimya. Akaenda kuangalia kuku.

Kesho yake nikasema twende wote gereji. Mashosti, nendeni gereji! Siyo kumchunga mtu, ni kwamba hela ni yenu wote na maneno ya fundi ni mazuri zaidi ukiyasikia mwenyewe. Fundi wetu ni mtu mzima, ananiita shemeji, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua futi. Akapima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne. Nyuma kushoto palikuwa chini kuliko kulia. "Shemeji, hili gari halijawahi kuwa fupi," akaniambia. "Limelala. Springi zimechoka kubeba mpunga."

Akatuingiza chini ya gari na tochi. Mikwaruzo mingi ilikuwa kwenye chesisi na chini ya tangi, kwenye difu ilikuwa michache. Hili nililipenda kwa sababu linakata ubishi wote wa kijiweni. Ukibadilisha springi unainua bodi, chesisi, injini na tangi. Difu haiendi popote, maana iko kwenye ekseli na ekseli imekalia magurudumu. Ukitaka difu ipande, dawa yake ni tairi kubwa zaidi, na tairi yenyewe inakupa nusu tu ya ilichoongezeka. Inchi mbili za ukubwa, inchi moja ya difu. Kwa hiyo anayekwama kwa difu akanunua springi ametupa hela. Sisi tulikuwa tunakwama kwa tumbo.

Kuna njia za mkato, na Baba Neema alizijua zote. Kuongeza bapa moja kwenye springi za zamani: gari linapanda kweli, lakini linakuwa gumu kama mkokoteni, na zile bapa nyingine zimeshachoka vilevile. Kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi: nyuma wapo wanaofanya, mbele fundi alikataa katakata, kwa sababu ukifunga breki kwa nguvu ekseli inataka kujipindua na kile kipande kinaipa nafasi. Kuzipeleka springi zikakunjwe upya: zinakaa vizuri kwa muda, halafu zinalala tena.

Tulikubaliana inchi mbili, yaani sentimita tano. Springi mpya seti nzima pamoja na bushi zake, na shokapu ndefu kidogo. Shokapu za zamani zingekuwa zimevutwa karibu na mwisho wake hata gari likiwa limesimama, shimo la kwanza tu zinakatika. Vitu vikanunuliwa Gerezani, Dar. Yuboliti nazo mpya. Fundi hafungi za zamani, anasema zikishavutwa zimevutwa.

Kilichonishangaza ni yale madogo ambayo hakuna anayeyasema akikuomba hela. Hosipaipu za breki lazima zitoshe gurudumu likining'inia. Kule nyuma kuna valvu ya breki yenye mkono uliounganishwa na ekseli, inapima uzito wa mzigo. Bodi ikipanda, ile valvu inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma hata kama umebeba magunia kumi. Fundi akairekebisha. Halafu stelingi: gari liliporudi mara ya kwanza lilikuwa linatangatanga barabarani, ukikata kona stelingi hairudi yenyewe. Pembe ya ekseli ya mbele ilikuwa imebadilika. Akaweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, likatulia.

Na maji? Jamani, wanaume, inchi mbili hazimfanyi mtu kuwa mvuvi. Mdomo wa kuvuta hewa umepanda inchi hizo mbili tu, na dizeli ikimeza maji inapinda vyuma vya ndani ya injini. Difu nayo ikiwa ya moto ukaizamisha ghafla, inavuta maji kupitia sili. Siku ukifungua oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, ndiyo hiyo. Tulirefusha mpira wa kupumulia wa difu ukapanda juu, gharama ndogo sana. Maji yanayokimbia hatuingii. Tunasubiri au tunarudi, na hilo nimeliwekea sharti kabla ya kutoa hela.

Jambo jingine ni hiyo lami. Gari lililopanda linaegemea zaidi kwenye kona, na watu wa huku tulizoea vumbi, sasa tumepewa lami tunakanyaga mafuta kama tumetumwa. Baba Neema anaendesha taratibu nikiwemo. Nisipokuwemo sijui, ila tairi haziongopi na mie huwa naziangalia.

Mama? Fundi alichomelea ngazi ya hatua mbili upande wa abiria, ya kukunjwa ili isishike matope, pamoja na kishikio cha mkono mlangoni. Ilitoka kwenye hesabu ileile kwa sababu inchi mbili ni nafuu kuliko nne. Siku ya kwanza alisimama chini akaliangalia gari, akaniuliza, "Mama Neema, hili gari au ghorofa?" Akapanda mwenyewe, mkono mmoja kwenye kishikio, mwingine umeshika kikapu cha mayai, akakataa kushikwa. Masika hii hajakosa kliniki hata moja.

Baada ya kilomita mia tano hivi tulirudi gereji kukaza yuboliti, maana springi mpya zikishajikalia, nati zinalegea. Hela ya msingi imebaki zaidi ya nusu. Sasa Baba Neema ameanza habari ya tairi kubwa, eti difu, difu. Nimemwambia alete futi.