Barua ya Wazi kwa Gavana wa Jimbo la Ituri kuhusu Ajira katika Machimbo ya Dhahabu ya Djugu



Katika Nizi na machimbo ya dhahabu ya Bambu, Kilo na Mongbwalu, ajira inagusa amani moja kwa moja, kwa kuwa tangu enzi za Wabelgiji, walioiunda kampuni ya Kilo-Moto mwaka 1926, elimu na vyeo havikugawiwa kwa ustadi peke yake. Kati ya makabila mawili ya Ituri, utawala huo uliwapendelea Wahema kuliko Walendu, na upendeleo huo ni mojawapo ya mizizi ya vita vilivyozuka kati yao mwaka 1999.

Sheria imekwisha kusema. Kifungu cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza Mkongomani kubaguliwa kwa sababu ya kabila au makao yake, na Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2001, unaongeza kwamba kumchagua mtu kwa masharti yanayotokana na kazi yenyewe si ubaguzi. Hapo ndipo penye utata. Mlinzi au mchomeleaji anapohojiwa kwa Kifaransa, ilhali zamu nzima huendeshwa kwa Kiswahili, kinachopimwa si ustadi wake bali ni bahati ya kusoma shule ambayo haikuchomwa. Na kijana aliyeikimbia Djugu bila diploma yake huondolewa kwenye orodha kabla ya kushika chombo.

Dai la kuwatanguliza wenyeji, yaani watu wanaoishi na mashimo na maji machafu ya mgodi, lina haki, lakini hugeuka ukabila pale saini ya mkubwa mmoja inapokuwa ndiyo mlango wa kazi. Mgao wa nafasi kwa makabila haungeponya jambo hilo, kwani ungelazimisha kila fomu iulize kabila, swali ambalo wakati wa vita, kwenye vizuizi vya barabarani, liligharimu maisha ya watu.

Ofisi ya Gavana, pamoja na Ukaguzi wa Kazi, inaombwa kuagiza kwamba kila nafasi itangazwe kwa Kiswahili redioni, sokoni na katika kambi za wakimbizi wa ndani. Kwamba mtihani uwe wa vitendo. Na kwamba alama zibandikwe hadharani kwa namba za waombaji, ili aliyekosa aweze kukata rufaa kabla mkataba wa aliyepata haujatiwa saini.