Tusichome Neema ya Allah

Sifa zote njema ni za Allah, Aliyetufanya makhalifa katika ardhi yake. Ndugu Waislamu, TPDC imekuwa ikitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa mkoa wetu wa Singida. Huku Kinyangiri, wilayani Mkalama, wazazi wanaulizana habari za ajira. Sisi tunawausia waulize na habari za moshi.

Mafuta yatokapo ardhini aghalabu hufuatana na gesi. Penye uzembe, gesi hiyo huteketezwa kwenye ncha ya bomba refu, usiku na mchana, kama walivyofikwa ndugu zetu wa Niger Delta, Nigeria, kwa miongo kadhaa. Moto huo ukizimika hutoka methani, ambayo katika miaka 20 hulipasha anga joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Ilhali mitambo ya kuinasa ipo, ikazalisha umeme au ikarudishwa ardhini. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2013, ilizuia uchomaji huo ila kwa usalama wa kazi au kwa idhini ya waziri.

Surat Al-Israa imewakemea wabadhirifu. Basi ni israfu iliyoje kuchoma gesi bure mbele ya mama aliyejitwika kuni!

Tusingoje mafuta yapatikane. Katika mikutano ya kijiji tuulize mapema: gesi itakwenda wapi, na nani atapima hewa? Majibu yaandikwe. Allah atujaalie kuitunza amana yake. Amin.