Udongo wa Mashamba Yetu na Dawa ya Meno

Hapana mtu kisiwani asiyejua kazi ya karafuu katika jino linalouma. Waibana juu ya jino, na baada ya kitambo maumivu yatulia. Madaktari wa meno nao huchanganya mafuta ya karafuu na unga wa zinki wakaziba jino kwa muda. Lakini tusijidanganye kwa kuwa mali ni yetu: karafuu hutuliza, na tundu hubaki pale pale.

Tundu huchimbwa na vijidudu, khasa bakteria aitwaye Streptococcus mutans. Hula sukari tunayokula sisi, akatoa asidi inayoyeyusha jino. (Kwa chai zetu za asubuhi, twamlisha vyema.) Antibiotiki za zamani zaweza kumwua. Taabu ni kuwa huua pamoja naye vijidudu vyema vinavyoulinda mdomo, na vinavyosalia huizoea dawa. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta dawa itakayompiga huyu peke yake, na mahali pamoja wanapoitafuta ni udongoni.

Wana sababu. Bakteria wa udongoni hupigana wao kwa wao, na silaha zao tumezifanya dawa. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki kuponya kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 huko New Jersey, Marekani, kwa bakteria wa udongo. Tena bakteria wengi wa udongo hukataa kuota katika vyombo vya maabara. Mwaka 2015 wataalamu wa Boston walitangaza dawa mpya, teiksobaktini, waliyoipata kwa kumwotesha bakteria ndani ya udongo wenyewe. Basi hazina hii haijamalizika, na huenda fungu lake limo chini ya mikarafuu yetu.

Hapa ndipo tunapotaka wanachama wasikilize. Mwaka 1949 Dokta Abelardo Aguilar, wa Iloilo, visiwa vya Ufilipino, alipeleka udongo wa kwao kwa kampuni ya Marekani aliyoitumikia. Ikatoka erithromaisini, dawa iliyokwenda dunia nzima tangu 1952. Aguilar alidai fungu lake miaka mingi, akafariki mwaka 1993 hakulipata.

Sisi hatusemi udongo ufichwe. Jino la mtoto wa Pemba huuma kama la mtoto wa Ulaya, na atakayekuja kutafuta dawa kwa nia njema apewe njia. Lakini konzi ya udongo si zawadi ya kumpa mgeni pamoja na dafu. Yako makubaliano ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo kwa nchi zilizoyaridhia hutaka mchukuaji aombe ruhusa kwanza na kuagana juu ya faida.

Twaiomba halmashauri ilete jambo hili katika mkutano ujao: mwanachama asitoe udongo wa shamba lake kwa utafiti wowote kabla ya kuonyeshwa ruhusa ya Serikali na karatasi ya mapatano, iliyoandikwa kwa Kiswahili, nakala moja ikabaki kwake.